Vibao Viwili vya Dawa Moja

Juzi mjukuu wangu alinishikisha simu yake nione mwanamke mmoja aliyepigwa picha mara mbili. Kushoto tumbo limejaa, kulia tumbo halipo. Chini yake wameandika kwamba ni kazi ya vidonge vya mwezi mmoja. Nikamwambia afunike matumbo yote mawili kwa vidole, kisha anieleze anachokiona. Akafunika. "Babu," akasema, "huku amenuna, huku anacheka. Huku nywele hazijasukwa, huku zimesukwa. Na huku amevaa nguo mpya." Nikamjibu kwamba aliyetengeneza picha hiyo ni mwenzangu wa kazi, hata kama hatujawahi kuonana.

Mimi nilikuwa mchoraji wa vibao hapa Kalemie, miaka ile nchi yetu ikiitwa Zaire. Ninyi vijana mkipita mnaona mzee ameketi barazani tu. Lakini kinyozi, fundi wa baiskeli, bar, duka la dawa, boti za kwenda Moba, wote walijitangaza kwa mkono wangu. Nami nataka niwaeleze namna uongo unavyopakwa rangi, kwa sababu niliupaka mwenyewe, na karibu unitie hasara ambayo hakuna rangi ingeifunika.

Aliyenifundisha ni Papa Mulongo, mzee mfupi aliyekuwa akiandika namba kwenye mabehewa ya treni na majina kwenye boti. Brashi za dukani zilikuwa adimu, basi alitengeneza zake kwa nywele za mkia wa ng'ombe. Watu wa Pepa waliokuja kuuza nyama walimletea mikia, akaiosha kwa sabuni, akachambua nywele, akazifunga kwa waya wa shaba kwenye kijiti. Brashi ya namna hiyo ukiitunza ilikaa miaka. Rangi tuliipata kwenye makopo yaliyotoka bandarini, tukaiongeza petroli ili ifike mbali. Siku moja nilizidisha petroli kwenye kibao cha kinyozi, na jua lilipopanda yule kijana niliyemchora akaanza kutiririka, masikio yakashuka mpaka shingoni. Nilikwenda kuomba radhi. Kinyozi akakataa nisikiondoe, akisema tangu asubuhi watu wanaingia kucheka, na wakishaingia wananyolewa.

Papa Mulongo alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila siku. Ukimaliza kuchora kwa chaki, kabla ya rangi, vuka barabara, simama, utazame kibao chako kama mpita njia. "Muntu haangalie dawa," alikuwa akiniambia. "Anaangalia muntu mwenye alikunywa. Umuchore ule muntu muzuri, dawa itajiuza." Niliishika kanuni hiyo sana. Kuna jambo moja tu lililonishinda katika kumchora mtu, nalo ni vidole. Vyangu vilitoka kama ndizi. Nikazoea kuwachora wanawake wangu mikono ikiwa nyuma ya mgongo, na watu wakadhani ni mapozi.

Basi akaja Dokta Kalenga. Nasema Dokta kwa sababu ndivyo alivyoagiza niandike. Alishuka kwenye treni na masanduku mawili ya pakiti za chai ya majani, kila pakiti ina picha ya jani la kijani na imefungwa kwa uzi mwekundu. Alipanga nyumba upande wa mjini, karibu na kwa wakubwa, akanijia na kazi.

"Unichoree mama mumoja mara mbili," akasema. "Huku iko munene, huku amepunguka. Na mimi kati, na koti ya mupe."

Koti jeupe hakuwa nalo, alikuja na shati la maua. Nikamchora na koti. Akatazama, akaniambia nimtie miwani. Nikamtia miwani. Mpaka leo nikiona mtu wa dawa amevaa koti jeupe kwenye tangazo, nauliza nani alimvalisha.

Yule mama wa kwanza nilimchora mabega yameanguka, kitenge kimepauka, kichwa wazi, amesimama juu ya vumbi. Yule wa pili nilimpa kitenge cha nta, hereni, kilemba, viatu, na nyuma yake ziwa la buluu. Tumbo nilipunguza kidogo tu. Hakukuwa na haja ya kulipunguza sana, kwa kuwa vitu vingine vyote vilikuwa vimekwisha kufanya kazi hiyo.

Kisha tukafika kwenye maneno. Niliandika kwamba chai hii inapunguza tumbo na kiuno kwa wiki tatu. Ubao ulikuwa mrefu, upande wa chini ukabaki mtupu.

"Nafasi imebakia," nikamwambia.

"Utie presha."

Nikatia presha. "Iko ingine."

"Tia mugongo."

Nikatia mgongo, na bado kukawa na nafasi ya kiganja. Akafikiri kidogo, akaniambia nitie usingizi mbaya. Naapa, chai ile ilitibu usingizi mbaya kwa sababu seremala alikata ubao mrefu. Kwa hiyo mkikuta dawa inayotibu magonjwa kumi, mjue mtu fulani alikuwa na nafasi ya kujaza.

Aliniagiza pia niandike kwamba mama mmoja wa Lubumbashi alipungua mpaka mumewe hakumtambua. Nikamuuliza kwa nini asiwe mama wa hapa Kalemie. Akacheka. Mama wa hapa, akasema, watu watakwenda kumtazama. Na zile wiki tatu nilizielewa baadaye, aliponitajia treni yake ya kuondoka, ambayo ilikuwa ya wiki ya pili.

Pale chini kabisa, kwa herufi ndogo, niliandika kwamba inafaa mnywaji aache bukari ya usiku, yaani ugali, apunguze mawese na atembee kila siku. Dokta mwenyewe alisimamia uchimbaji wa mashimo ya nguzo, akayataka marefu, hata mstari ule ukaingia ndani ya majani. Ni mtu mmoja tu niliyemwona akiinama kuusoma, mke wa shefu, yaani mkubwa mmoja wa reli, mama mwenye mwili na mwenye maneno. Alitenga majani kwa mkono, akasoma, akainuka.

"Sasa kama mimi naacha bukari, naacha mafuta, natembea kila siku," akaniuliza, "chai njo inafanya kazi gani?"

Yeye mwenyewe alicheka sana, halafu akaingia ndani akanunua pakiti mbili, maana harusi ya binamu yake ilikaribia na nguo ilikataa kufungika. Nawaambieni hili msije mkafikiri kwamba wanaodanganywa ni wajinga. Yule mama aliuona uongo mchana kweupe, akaushika kwa mkono, na bado alikuwa na hamu.

Lakini wateja wa namna yake walikuwa wachache. Kumbukeni wakati ule kukonda hakukuwa sifa kwetu. Aliyekonda aliulizwa kama anaumwa, na kama ni mke wa mtu, mume wake ndiye aliyeulizwa. Wake wa wakubwa ambao daktari wa hospitali aliwaambia wapunguze walihesabika, wakamalizika. Dokta Kalenga akabaki na sanduku moja zima. Akaahirisha treni, akarudi kwangu na ubao mwingine.

"Sasa ugeuze," akasema. "Mwembamba aanze, munene afwate."

"Ni dawa ingine?"

"Ndiyo, njo ingine."

Akaweka pakiti mezani ili niichore. Jani la kijani, uzi mwekundu. Niliitazama, nikamtazama na yeye, naye hakukwepa macho yangu.

"Weye uko fundi wa pano ao fundi wa dawa?" akaniuliza, maana kibao kwetu huitwa pano.

Sitawaficha, nilijua. Sikudanganywa na mtu. Kazi ilikuwa imepungua, ubao ulikuwa mzuri, na ndani yangu kulikuwa na majivuno ya fundi aliyepewa nafasi ya kumchora mama mnene. Nilimchora kuliko nilivyowahi kumchora mtu yeyote, mashavu, shingo yenye mikunjo, mikono iliyojaa. Kibao hicho hakikusimama mjini. Kilibebwa asubuhi kwa mkokoteni mpaka soko la Kitali, na jioni kikarudishwa ndani. Kile cha kwanza kilibaki kwenye uwanja wa nyumba ya Dokta. Waliosoma kimoja hawakusoma kingine, isipokuwa mimi.

Nyumbani, mke wangu Feza alikuwa amejifungua mtoto wetu wa pili, wa kiume. Malaria ilikuwa imemshika wakati wa mimba, akatoka kwenye uzazi amepungua. Na kulikuwa na safari mbele yetu. Mtoto alipaswa kupelekwa Mpala, kwa mama yake Feza, naye Mama Veronika alikuwa na desturi ambayo wamama wengi wa kando ya ziwa wanayo. Mzazi akifika, kabla ya kumpokea mtoto, wanamshika mkono juu ya kiwiko kuona nyumba ya mume imemlishaje. Tangu uchumba wetu Mama Veronika hakuamini kwamba rangi inaweza kulisha mtu. Feza alitaka kufika amejaa, ili nisidharauliwe.

Ikapita wiki moja, mtoto akaanza kulia bila kukoma. Alivuta ziwa, akaliacha, akavuta tena, akapiga teke. Feza alikuwa akitoka nje kila mara, macho yameingia ndani. Tukasema ni malaria imerudi. Asubuhi moja nilikuwa natafuta kiberiti nyuma ya kopo la unga, mkono wangu ukakuta uzi mwekundu. Nikaitoa pakiti, nikampelekea Feza.

"Hii umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Soko."

"Nani alikuambia uinunue?"

"Kibao," akasema. "Nilijua mukono yako. Ule mama mwenye kuficha vidole, hakuna muntu mwingine anachora vile. Nikasema, bwana yangu akichora kitu, anakijua."

"Na tumbo yako haikuuma?"

"Inauma. Inakimbia kila siku. Nilienda kumuuliza Dokta, akasema uchafu njo unatoka kwanza, nyama inakuja nyuma. Basi nikaongeza ya jioni."

Shikeni hapo, wajukuu. Katika udanganyifu wote wa kazi ile, huo ndio niliouogopa kuliko mwingine. Dawa ikikuumiza na mwenyewe akakuambia kuumia ndiyo dalili ya kupona, umekwisha kufungwa mikono, kwa sababu hata mwili wako ukipiga kelele hutausikiliza.

Nilimwambia Feza habari za kibao cha kwanza, kwamba chai ile ile kule mjini inauzwa kukondesha. Hakunifokea. Alimpakata mtoto, akafungua kifua, mtoto akavuta kwa nguvu zote za mashavu yake.

"Anavuta hewa," akasema.

Aibu niliyoipata siku ile sijaipata tena maishani. Tulikwenda zahanati. Muuguzi alimpima mtoto, akampima tena. Alitupa pakiti ile kwenye pipa, akamwambia Feza anywe maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo, ale kila anachoweza, ampe mtoto ziwa kila akitaka hata kama anaona hakuna kitu. Maziwa yanaweza kurudi, akasema, lakini siku zenyewe ni chache, mtoto hana akiba mwilini. Tulipotoka alituambia pia kwamba Feza si mzazi wa kwanza kumletea uzi mwekundu.

Nilituma habari Mpala kwa mwenye boti ambaye nilimchorea jina la boti yake. Siku ya pili Mama Veronika akashuka ufukweni na kapu la samaki wakavu kichwani. Aliingia ndani, akamshika binti yake mkono juu ya kiwiko, akauachia. Aliwasha moto.

Sasa mjue kwamba kwetu mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mkwe wake. Hamli pamoja, hamketi pamoja, na neno zito linapitia kwa mtu mwingine. Lakini ningemtuma nani? Nilisimama nyuma ya ua wa matete wa jiko, yeye akiwa ndani anapika, nami nikaongea na matete.

"Mama, ni mimi nilifanya hii."

Mwiko ukasimama. Nikamweleza yote, kibao cha kwanza, kibao cha pili, pakiti moja. Nikamwomba radhi.

"Unaniomba radhi ya nini?" sauti yake ikatoka. "Mimi sikununua. Wale wanunuzi uliwaambia?"

"Hapana, Mama."

"Basi usisimame hapa na moshi. Enda."

Karakana yangu ilikuwa kwenye njia ambayo watu wa mjini na watu wa soko wote walipita. Ukuta wake wa mbele ulikuwa mweupe, niliutunza hivyo miaka mingi ili watu waone ninavyojua kupaka chokaa. Nikachukua makaa na rangi nikaanza kuchora. Kushoto nikawachora wale mama wawili wa mjini, mnene na aliyepungua. Kulia wale wawili wa soko, mwembamba na aliyenenepa. Katikati yao nikachora pakiti moja kubwa, jani la kijani na uzi mwekundu. Chini ya pakiti pakabaki nafasi.

Feza alikuja na mtoto mgongoni, akatazama. "Unichore mimi hapa," akasema. "Vile niko. Usinipunguzie mifupa, usiniongezee."

Aliketi kwenye kiti cha wateja na mtoto amepakatwa, nami nikamchora mke wangu, mifupa ya shingo na macho yale. Vidole nilivichora pia safari hii, vibaya, lakini vyote vilikuwepo.

Kufika siku ya pili watu walijaa barabarani. Yule mke wa shefu alishuka kwenye gari, akasimama mbele ya ukuta akicheka, akionyesha kushoto, akionyesha kulia. Kisha akafika kwa Feza na mtoto, kicheko kikakatika. Alisema angerudisha pakiti zake mwenyewe, na alirudisha, akiwa na wenzake watatu. Wamama wa soko nao wakaenda kwa Dokta kurudisha zao.

Dokta Kalenga alinijia jioni ile. "Unaharibu kazi yangu," akasema. "Na yako. Nani atamupa pano muntu mwenye kusema?"

"Ni mukono yangu ilichora," nikamjibu. "Ni mukono yangu inafuta."

Aliondoka na treni iliyofuata. Lakini kuhusu kazi alisema kweli, kwa kitambo. Mwenye bar mmoja alikuja kuchukua ubao wake kabla sijaugusa. Miezi kadhaa niliandika majina ya boti tu, na namba za nyumba. Tangu hapo mtu wa dawa akija nilimuuliza maswali mpaka achoke, na wengi walichoka mapema. Sikuwa tajiri, kama mnavyoona, lakini nilikula na kulala vizuri.

Siku zile zote Mama Veronika alikuwa akipika. Supu ya samaki kuhe asubuhi, uji wa karanga mchana, bukari na dagaa wa ndakala jioni, na kati ya hapo maji, maji, maji. Alimweka mtoto kifuani kwa Feza kila alipofumbua jicho. Nilikuwa nasikiliza kutoka nje, na kilio kile kikavu kilinifuata mpaka kwenye rangi zangu. Ikapita wiki, ikaingia ya pili. Kisha asubuhi moja nikasikia kimya, nikaogopa, nikaingia ndani bila kukumbuka habari ya mkwe. Mtoto alikuwa ameachia ziwa mwenyewe. Tone jeupe lilikuwa linatoka pembeni mwa mdomo wake, na amelala. Nililia mbele yao wote wawili, na sioni haya kuwaambia.

Siku ambayo Mama Veronika alikuwa anarudi Mpala, tulimsindikiza, na njia ikatupitisha mbele ya karakana. Feza akasimama kwenye ukuta akajitazama pale alipo, na mifupa yake.

"Unitie mashavu," akasema.

Nikamwambia haiwezekani. "Nikikutia mashavu, itakuwa tena pano ya kuuza. Watu watauliza ulikunywa nini."

"Wakiuliza nitawaambia," akasema. "Nilikula samaki, na mama yangu alikuwa hapa."

Mama Veronika alikuwa amesimama kando, amegeuza uso upande wa ziwa kama desturi inavyotaka. "Mukwe," akasema bila kugeuka, "muchore."

Nikaingia ndani nikachukua kopo na brashi, nikachanganya rangi, nikamtia mashavu yale aliyokuwa nayo asubuhi ile, si zaidi.